Ushahidi Ndani ya Mfupa: Siri ya Nyumbu wa Serengeti Ilivyofumbuliwa

Mchinjaji wa Mugumu, mji wa Wilaya ya Serengeti, akipasua mfupa wa mguu wa ng'ombe aliyenona, hukuta uboho mweupe, mgumu, mithili ya samli iliyoganda. Akipasua mfupa wa ng'ombe aliyekufa kiangazi kwa njaa, mambo ni tofauti: uboho ni mwekundu, una majimaji, unateleza kama ute. Sababu ni kwamba mnyama mwenye njaa hula akiba yake kwa utaratibu. Huanza na mafuta ya mgongoni, hufuata yale yanayozunguka figo, na ya ndani ya mifupa huyagusa mwisho kabisa. Uboho ukishageuka maji, ghala limekauka.

Jambo hilo analolijua kila mla supu ya mifupa ndilo watafiti walilolitumia kujibu moja ya maswali makubwa ya Serengeti.

Mwaka 1961 nyumbu wa ikolojia hiyo, iliyo mlangoni mwa Mugumu, walikadiriwa kuwa takriban 260,000. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3. Hakuna aliyewalisha, wala hakuna aliyewachoma sindano. Kundi la porini liliwezaje kukua mara tano ndani ya miaka 16?

Jibu lilianzia kwa ng'ombe. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafagia mifugo ya wafugaji pamoja na nyumbu na nyati, na kwa miaka sabini haikuondoka. Ilikuwa na mtindo wake wa kuua. Ndama wa nyumbu huzaliwa karibu wote kwa mpigo, ndani ya majuma machache ya Februari na Machi, na dang'a ya mama iliwapa kinga ya miezi kadhaa. Kinga hiyo ilipoisha, maelfu ya ndama walibaki wazi kwa wakati mmoja, ugonjwa ukawapitia. Waliotimiza mwaka walikuwa wachache.

Chanjo ya ng'ombe kuzunguka hifadhi ndiyo iliyovunja mnyororo huo. Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyetengeneza chanjo bora ya sotoka kule Muguga, Kenya, alichunguza damu ya wanyamapori akitafuta kingamwili za ugonjwa. Mnyama aliyeugua akapona hubaki nazo. Asiyekutana na sotoka hana. Nyumbu wazee walikuwa nazo. Waliozaliwa baada ya 1963 hawakuwa nazo. Maana yake ni kwamba maradhi yalikuwa yakivuka kutoka zizini kwenda porini, na zizi lilipopona, pori nalo likapona. Ndama waliofikisha mwaka mmoja wakaongezeka takriban maradufu.

Hata hivyo, mtu angeweza kudai kwamba ni mvua tu, au majani yalistawi, au simba walipungua. Hapa ndipo pundamilia anapoingia, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika uchunguzi huu. Pundamilia hula katika mbuga zilezile, huhama njia zilezile, huliwa na simba walewale, ila sotoka haikumpata. Idadi yake ilibaki karibu palepale, kama 200,000. Nyati, ambaye sotoka ilimpata, aliongezeka pamoja na nyumbu. Anthony Sinclair, aliyeanza utafiti Serengeti mwaka 1965, hakuhitaji kutenga kundi la kulinganishia. Maumbile yalikwisha kumtengea.

Likabaki swali la pili: kwa nini nyumbu waliacha kuongezeka baada ya 1977? Hapo uboho ukaitwa kutoa ushahidi. Watafiti walitembea mbugani wakitafuta mizoga, wakapasua mifupa na kuandika rangi na ugumu wa uboho. Nyumbu aliyeuawa na simba akiwa na afya huacha uboho mweupe. Aliyekuwa amekwisha kudhoofika huacha uteute, hata kama meno ya simba ndiyo yaliyommaliza. Simon Mduma, Mtanzania aliyekuja kuongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, alichambua na wenzake kumbukumbu za miaka 40 na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Robo tatu ya vifo vilitokana na utapiamlo. Kilichoamua ni kiasi cha majani mabichi ambacho kila nyumbu alikipata wakati wa kiangazi, na majani hayo hutegemea mvua chache za miezi hiyo. Ukame wa 1993 ulithibitisha hesabu hiyo: nyumbu walishuka kutoka takriban milioni 1.2 hadi kama 900,000.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Wageni wanaopita Mugumu kwenda kutazama msafara wa nyumbu husimuliwa sana habari za simba na mamba. Waongoza watalii na walimu wa wilaya hii wawataje pia wafugaji waliopanga ng'ombe wao foleni kuchanjwa, kwa kuwa msafara huo ni matunda ya kazi yao.