Hali ya Moyo na Hadithi katika Picha ya Mistari

Watu wengi wanapotazama picha ndogo ya kalamu ya risasi, iliyochorwa na mtu kwa ajili ya wapenzi wake, huuliza kwanza: kuna habari gani nyuma yake? Swali hilo si baya, walakini likitangulia hupotosha. Yafaa tutenge mambo mawili: hali ya moyo, iliyomo katika mistari yenyewe, na hadithi, ambayo mara nyingi twaileta sisi kutoka nje.

Tutazame picha ya Saskia iliyochorwa na Rembrandt mwaka 1633, ambayo imehifadhiwa Berlin. Ilichorwa kwa ncha ya fedha juu ya ngozi iliyotayarishwa. Ncha hiyo ni ndugu mkubwa wa kalamu ya risasi, ila alama zake hazifutiki kwa urahisi. Saskia amevaa kofia pana, ameegemeza kichwa mkononi, na ameshika ua. Uso umechorwa taratibu. Nguo zimechorwa kwa mistari ya haraka. Tofauti hiyo yatosha kutuonyesha jicho la mchoraji lilikaa wapi.

Chini yake Rembrandt aliandika kwamba huyu ni mkewe alipokuwa na umri wa miaka 21, siku ya tatu baada ya kufungamana kwao, tarehe 8 Juni 1633. Lakini ndoa yao ilifungwa mwaka 1634. Yaelekea basi kwamba maneno hayo yaliongezwa baadaye. Hadithi imeandikwa chini ya picha. Haikuchorwa ndani yake. Kadhalika, Saskia alikufa mwaka 1642, baada ya kuzika watoto watatu wachanga. Ajuaye hayo huona majonzi katika tabasamu lake. Majonzi hayo ni ya mtazamaji, si ya picha.

Kosa hilo huwapata wasomaji wa vitabu pia, na mfano uko karibu nasi. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, kisiwa ambacho mji wake mkuu ni Nansio, alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilitolewa na Tanzania Publishing House ikiwa na mwaka 1980. Naye alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu mkononi. Kwa kuwa habari hiyo hutangulia kitabu, wengine hukisoma kama maombolezo. Wengine hukifanya ghala ya desturi.

Tukiangalia maandishi yenyewe twaona jambo jingine. Bugonoka amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya ukweni juu ya kukosa mtoto. Myombekere huenda kumwomba, akatozwa pombe ya ndizi. Mwandishi hatangazi sana mapenzi ya mume huyo. Hutuonyesha jinsi anavyohangaika mpaka pombe ipatikane. Hapo kalamu imekwenda polepole, kama katika uso wa Saskia, na mapenzi yamo katika upole huo wa mwendo.

Kwa hiyo mhakiki na aulize kwanza: mkono ulipunguza mwendo wapi? Akishapata jibu, ndipo alete habari za maisha ya msanii. Asipofanya hivyo atamnyima Saskia furaha yake, na Kitereza usanii wake.