Konseri yetu iliimbwa mu basi

Tuseme ukweli: konseri yetu ya Noeli kule Likasi haikuwa nzuri. Tulipigiwa makofi, tukapiga mapicha, tukarudi Lubumbashi na furaha. Lakini mimi nilikuwa ndani, mu mustari wa ba tenori, na nilisikia. Kama sisi wenye diploma hatuwezi kujikosoa, nani atatukosoa?

Tuanze na njia. Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120 kwa barabara RN1. Tulikuwa batu kumi na nane mu kabasi kamoja, ngoma juu ya magoti, nguo za konseri zimefungwa mu masashe kwa ajili ya mvua ya desemba. Mbele makamyo ya madini, nyuma makamyo. Ku peaje tukasimama muda mrefu. Pale njo rafiki yetu mmoja, mwenye alisomaka sheria, alianzisha wimbo wa Kiluba wa bibi yake. Hatukuwa tumefanya repetisio hata moja ya ule wimbo. Lakini mmoja akaitikia, mwingine akapiga ku mgongo wa kiti, ba alto wakajitafutia njia yao. Shofere mwenyewe aliimba. Hakuna mwenye alitazama karatasi.

Mangaribi tukapanda ku jukwaa, tukawa batu bengine. Programu yetu: "Stille Nacht" kwa Kifaransa, kisha "Minuit, chrétiens", na mwisho "Hallelujah" ya Händel. Wa kwanza ulizaliwa Austria mwaka 1818, wa pili Ufaransa 1847, wa tatu uliimbwa mara ya kwanza Dublin 1742. Ugeni wao si kosa. Kosa ni vile tuliziimba: macho ndani ya karatasi, sauti ya woga, maneno yenye hatukuyatafuna vizuri. Ku "Hallelujah" ba soprano walifika mbele ya piano. Zaidi ya ile, "Hallelujah" haiko wimbo wa kuzaliwa kwa Yesu. Ndani ya "Messiah" inafunga sehemu ya pili, ile ya mateso na ushindi, na kule Dublin waliiimba mwezi wa nne. Nani kati yetu alijua? Tuliichagua juu inaletaka makofi.

Wengine watasema: nyimbo za kwetu ni za mu basi na ku matanga, jukwaa linataka noti. Historia inawajibu. Mwaka 1958, ku Kamina, mu Katanga yetu hii hii, padri Mbeljiji Guido Haazen na korali "Les Troubadours du Roi Baudouin" walitoa "Missa Luba": maneno ni ya misa ya Kilatini, muziki ni wa inchi hii. Sehemu kubwa haikuandikwa. Waimbaji walibuni pamoja, sawa vile tulifanya ku peaje. Mwaka ule ule wakaenda kuimba Ulaya. Miaka kumi kisha, "Sanctus" yake ikasikika mu filamu ya Uingereza, "If...." ya Lindsay Anderson. Ila kuna somo la uchungu pia: jina la padri linajulikana, lakini majina ya waimbaji ni batu wachache sana wanayajua. Kama hatutunzi kazi yetu sisi wenyewe, mwingine njo atatia sinyatire.

Sijitoi mu lawama. Siku ya kuchagua programu, nilinyoosha mkono kwa Händel. Nilitaka tuonekane batu wa masomo.

Kisha konseri, mama mmoja alitushika mikono, akasema: "Wanangu, muliimba muzuri. Siku ingine mutuimbie na sisi." Hakusema kwa ubaya. Njo maana iliniuma.

Ninapendekeza hivi: Noeli inayokuja tubakishe wimbo mmoja wa kigeni, tuujifunze mpaka tuuimbe bila karatasi. Na wa kwanza ku programu ukuwe ule wa ku peaje. Lakini tufanye haraka. Rafiki yetu anajua beti mbili tu. Ya tatu iko kwa bibi yake, na bibi amezeeka. Mwenye ako na simu ya kurekodi, twende naye.