Neno "Ufanisi" katika Tathmini ya Maktaba za Vyuo

Neno ufanisi, kama litumikavyo katika taarifa za maktaba za vyuo vikuu, limebebeshwa dhana mbili. Kiwango cha kimataifa ISO 11620, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, hutofautisha kadiri lengo linavyofikiwa na namna rasilimali zinavyotumika kulifikia. Tafsiri zetu mara nyingi huziita zote mbili ufanisi.

Athari yake si ndogo. Maktaba ikifungwa mapema jioni, huenda gharama ya kuazimisha kila kitabu ikashuka, na mhasibu ataandika kwamba ufanisi umepanda. Mwanafunzi aliyekuta mlango umefungwa atasema umeshuka. Kila mmoja ana haki kwa mujibu wa matumizi yaliyopo, na chuo hakina neno la kuamua baina yao.

Twapendekeza ufanisi ubaki kwa maana ya kufikia lengo, na matumizi bora ya rasilimali yaitwe tija. Twatambua kwamba tija huhusishwa zaidi na viwanda na mashamba; hata hivyo, maana yake ya pato likilinganishwa na nguvu iliyotumika haiko mbali na dhana hii. Mfasiri asiyetenga maneno haya humwachia mhasibu peke yake hukumu ya maktaba.