Gari Linalogoma na Kukubali: Sifa za Ufundi wa Dizeli Mpakani

Miongoni mwa kazi zote za gereji, hakuna inayopima akili ya fundi kama kutafuta ubovu wa gari la dizeli ambalo leo hugoma kuwaka, kesho huwaka mara tu ufunguo unapogeuzwa, na keshokutwa hugoma tena bila sababu ya kuonekana. Ubovu wa kudumu hujitangaza wenyewe, kwa kuwa kifaa kilichokufa hubaki kimekufa mpaka kiguswe; lakini ubovu wa kuja na kuondoka ni kama homa ya vipindi inayomshuka mgonjwa pale pale anapoketi mbele ya daktari, nao humlazimu fundi kuutafuta wakati haupo, akitegemea dalili chache, maelezo ya dereva na uelewa wake wa namna injini inavyofanya kazi.

Ufundi huu una uzito wa pekee Merikit, wilayani Tororo, na katika nchi yote inayozunguka vituo vya mpaka vya Malaba na Busia, ambako barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Kampala huvuka kutoka Kenya kuingia Uganda. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, ilhali Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza kuingizwa magari yenye miaka 15 au zaidi, na yale makuukuu yaliyoingia kabla ya hapo bado yanabeba mahindi, saruji na abiria. Kwa hiyo fundi wa mpakani hukutana na vizazi viwili vya dizeli: kile cha pampu ya kimakanika tupu, kama Toyota Hilux za injini ya 3L au 5L, na kile ambacho kompyuta ndiyo huamua lini mafuta yapulizwe. Anapaswa kuvijua vyote viwili, mara nyingi chini ya mwembe, bila mtaro wa kuingilia chini ya gari.

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifikisha kwenye majaribio ya mafanikio nchini Ujerumani mwaka 1897, haina cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda hadi ipate joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi, kisha mafuta hupulizwa ndani ya hewa hiyo na kuwaka yenyewe. Ili iwake, basi, yapo mambo matatu yasiyoepukika: starta, yaani mota ya umeme ya kuwashia, iizungushe injini kwa kasi ya kutosha, hewa ipate joto, na mafuta yafike kwa wakati na kwa shinikizo linalofaa. Fundi mahiri huyashika mambo haya matatu kichwani na kukataa kugusa spana kabla hajajua ni lipi linalokosekana.

Maswali yake ya kwanza hayahitaji kifaa chochote. Je, injini inazunguka bila kushika, au haizunguki kabisa? Na ikiwa inazunguka, je, bomba la moshi linatoa chochote? Moshi mweupe wakati wa kupiga starta una maana kwamba mafuta yamefika ndani ya silinda lakini hayajawaka, hivyo mashaka huelekea kwenye joto: plagi za kupasha joto, ambazo ni vijiti vya umeme vinavyoiva kwa sekunde chache ndani ya chumba cha mwako, au silinda zilizochoka kubana. Kukosekana kwa moshi kabisa kuna maana kwamba mafuta hayafiki. Hapo nusu ya gari imekwisha kuondolewa kwenye lawama, na hakuna hata nati moja iliyofunguliwa.

Ndipo linapokuja jambo linalostahili sifa kuliko yote, nalo ni ufuatiliaji wa hewa. Katika magari mengi ya zamani, mafuta hayasukumwi kutoka kwenye tangi bali huvutwa na pampu iliyo mbele, kwa hiyo tundu dogo kwenye mpira wa mafuta, au oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, iliyokauka kwenye kipampu cha mkono kilicho juu ya filta, halidondoshi hata tone. Huingiza hewa tu. Gari likilala usiku kucha, mafuta hurudi taratibu tangini na kuacha bomba tupu, na asubuhi starta huzunguka mpaka betri ichoke. Hali huwa mbaya zaidi gari linapoegeshwa pua ikiwa juu na tangi likiwa karibu kwisha, ndiyo maana mgomo huonekana kuja na kuondoka kwa kupenda kwake. Fundi mwenye subira hufunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga mahali mafuta yanapoingia kwenye pampu, akachuchumaa na kutazama, na viputo vidogo vikipita mbele ya macho yake, mjadala umekwisha. Asipoviona, huweka kidumu cha dizeli safi juu zaidi ya pampu, akakiunganisha moja kwa moja, na kumwacha mwenye gari aliwashe kwa siku kadhaa. Likiwaka kila asubuhi, kosa liko kati ya tangi na pampu. Kipimo hiki hakina gharama ya kutajika, na uzuri wake ni kwamba hakikisii lolote: hutenga sehemu moja ya mfumo na kuuliza swali linaloweza kujibiwa.

Upande wa umeme una hila zake. Starta nyingi za Toyota zina vipande viwili vya shaba ambavyo sahani ya shaba huviunganisha ufunguo unapogeuzwa. Vikilika, sahani hugusa leo na kukosa kesho, kwa kuwa hutua mahali tofauti kila mara, na dereva husikia mlio mmoja wa "tik" na ukimya. Wengi huigonga starta kwa spana, ikazunguka, wakaamini wameitengeneza, kumbe dawa yake ni vipande hivyo vya bei ndogo. Waya mnene nao hudanganya: ukiwa umebakiza nyuzi chache zisizokatika, mita itausoma kuwa mzima wakati umeme hautumiki, lakini hautaweza kupitisha mamia ya ampea ambazo starta ya dizeli hudai. Kwa sababu hiyo fundi wa kweli hupima wakati mwenzake anapiga starta, ncha moja ya mita ikiwa kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, na mita ikizidi nusu volti anajua kwamba umeme unapotelea njiani, hata kama betri ni mpya.

Kuna magari yanayofanya kinyume, yakawaka yakiwa baridi na kugoma yakiwa moto. Pampu iliyolika ndani huvujisha zaidi dizeli inapopata joto na kuwa nyepesi, na fundi anaweza kuithibitisha kwa kuifunika kwa kitambaa kilicholowa maji baridi na kusubiri: pampu ikipoa na gari likashika, siri imetoka. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa huharakisha uchakavu huo, kwa kuwa hayalainishi pampu ipasavyo. Uchakachuaji huu ulikuwa mzito kiasi kwamba Kenya ilitoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuukomesha. Katika magari ya kompyuta, joto hilo hilo huweza kuizimisha sensa inayosoma mzunguko wa injini, na ikipoa hurudi kazini, mara nyingine bila kuacha alama yoyote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mashine ya kusoma kompyuta ni msaada mkubwa, lakini haimfikirii mtu.

Kinachoudhi ni kwamba soko haliuthamini utambuzi huu. Mteja hulipa kwa moyo mkunjufu anapooneshwa pampu mpya ndani ya boksi, na hunung'unika anapodaiwa malipo ya asubuhi nzima iliyoishia kwenye oringi moja, ingawa asubuhi hiyo ndiyo iliyomwokoa asinunue pampu. Matokeo yake ni kwamba fundi anayebahatisha kwa kubadilisha spea hupata zaidi ya yule anayechunguza, na vijana wanaojifunza kazi huiga kile kinacholipa.

Mwenye gari anaweza kusaidia kwa namna mbili. Kwanza, kila gari linapogoma, aandike saa, kama injini ilikuwa moto au baridi, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, gari liliegeshwa mlimani au tambarare, na kama moshi ulitoka, kisha ampelekee fundi karatasi hiyo pamoja na ufunguo. Pili, akubaliane naye mapema malipo ya muda wa uchunguzi, ayatoe kamili, hata kama kilichobadilishwa mwishowe ni mpira wa mafuta wenye urefu wa shubiri.