Maktaba ya Ngamia, na Kitabu Ambacho Bado Hakijaandikwa

Kama unaenda Garissa na hutaki kitabu kizito, beba My Librarian Is a Camel cha Margriet Ruurs. Kilitoka 2005, kiliandikiwa watoto, na hilo lisikutie aibu. Mimi nilikianza basi likitoka Thika. Kabla ya Mwingi nilikuwa nimekimaliza, nikarudia picha.

Ruurs anatuzungusha nchi 13 akiuliza swali moja: vitabu humfikiaje mtoto aliye mbali na maktaba? Thailand hupanda tembo. Finland huja kwa mashua. Na Uingereza, ufukweni Blackpool, husukumwa kwa wilbaro, ati, ile ile ya mjengo! Nilicheka hadi abiria wa pembeni akachungulia.

Kisha Kenya. Huduma hii ilianzishwa Garissa mwaka 1996 na shirika la maktaba za taifa, kwa sababu ya kawaida kabisa: wafugaji huhama, na gari halifiki kila penye mchanga. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Wakifika, hema husimamishwa, mikeka hutandikwa, watoto wakaanza kuchagua.

Hapo ndipo nina ugomvi naye. Kurasa za Kenya ni chache, na ngamia ni ngamia tu. Hebu uliza Garissa: kwa Kisomali jike aliyekomaa ni hal, ndama ni nirig, na dume la mizigo ni awr. Kwa hiyo yule mkutubi wa kwenye jina la kitabu ni awr, bwana. Mimi nilitaka zaidi. Nani hupanga mzigo usimchubue mgongo? Familia ikihama na kitabu, kinarudije?

Swali hilo la mwisho Masha Hamilton alilifanyia riwaya, The Camel Bookmobile, mwaka 2007. Inasomeka, sikatai. Lakini mhusika mkuu ni mkutubi kutoka Brooklyn. Mgeni tena.

Cha Ruurs kisome, ni kitamu. Ila mtoto aliyekaa kwenye ule mkeka 1996 sasa amepita miaka 30. Ninachongoja ni kitabu chake yeye: kifupi, cha ukweli, chenye vichekesho, kinachojua tofauti ya hal na awr. Nitakinunua hata kikipangwa kwenye kibanda cha miraa.