Fomula ya usanisinuru ni risiti tu

Hebu vuta kumbukumbu. Ubaoni kuna jani la kijani, jua kwenye kona, mishale miwili inaingia, miwili inatoka. Chini yake mwalimu kaandika 6CO2 + 6H2O, kisha mshale, kisha C6H12O6 + 6O2. Ukakariri, ukajaza kwenye mtihani, ukapata alama zako. Kwa wengi wetu somo liliishia hapo, na leo tunataka kulihakiki somo hilo kama watu wanavyohakiki filamu au riwaya.

Tuanze na sifa. Neno lenyewe, usanisinuru, ni zuri mno. Usanisi ni kuunganisha vitu upate kitu kipya, na nuru ni nuru. Mtoto wa shule ya msingi analifungua mwenyewe bila kamusi. Shida iko chini ya neno, kwenye ile fomula.

Fomula ni risiti. Risiti inakwambia umenunua unga na mafuta. Chapati zilipikwaje, haisemi. Na ukiikagua vizuri, risiti hii ina kasoro. Tunafundishwa kwamba oksijeni tunayovuta inatoka kwenye maji. Ni kweli: mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao kule California walitumia maji yenye oksijeni nzito, wakaona gesi inayotoka inafuata maji, haifuati kabonidayoksaidi. Sasa hesabu. Molekuli 6 za maji zina atomu 6 za oksijeni. Gesi inayotoka ina atomu 12. Hizo 6 za ziada zimetoka wapi? Hesabu inakaa sawa ukiandika molekuli 12 za maji zikiingia na 6 mpya zikitoka. Vitabu vingi hukata pande zote mbili ili mstari uwe mfupi, na mwanafunzi makini anabaki anajiona mjinga.

Mapishi yenyewe ni hivi. Nuru ikigonga klorofili, elektroni inapandishwa nguvu na kuhama. Pengo lake linazibwa na elektroni iliyotolewa kwenye maji, na maji yanapasuka. Oksijeni ni mabaki tu. Elektroni inateremka hatua kwa hatua, na kwenye mteremko huo protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando. Zikirudi, zinapita kwenye kimeng'enya kinachozunguka kama tabo la bwawa la umeme, na ATP inatengenezwa. Mwisho wa safari elektroni zinabebwa na NADPH. Nguvu ya jua sasa imo ndani ya kemikali, lakini sukari bado. ATP na NADPH ndizo zinazolipia kazi ya kuishika kabonidayoksaidi na kuigeuza sukari.

Hiyo kazi ya mwisho shuleni inaitwa hatua ya giza. Bwana, jina hili lifutwe! Wengi wanaelewa kwamba mmea hutengeneza sukari usiku. Hapana. Haipigwi na nuru moja kwa moja, lakini inaendeshwa na mazao ya nuru, na baadhi ya vimeng'enya vyake huwashwa na mwanga. Usiku kazi inasimama.

Halafu mtu wa Lindi anakuuliza: mbona katani hufungua vitundu vya majani usiku? Swali safi kabisa. Katani, mmea wa asili ya Mexico ambao Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, hufunga vitundu mchana ili usipoteze maji kwenye joto. Usiku hufungua, huvuta kabonidayoksaidi na kuihifadhi kama asidi. Jua likitoka, milango imefungwa, asidi inaachia gesi ndani kwa ndani na sukari inatengenezwa. Giza ni la kuweka akiba, si la kupika. Mchoro wa ubaoni hauna nafasi ya mmea huu, wala ya mahindi na mtama, ambavyo navyo vina njia yao ya kukusanya gesi hiyo wakati wa joto.

Lakini lawama kubwa tumeibakiza. Fomula inaishia kwenye sukari, haifiki kwenye mti. Nenda Mitole, wilayani Kilwa, uulize ule mpingo mzito unaozama majini umetoka wapi. Wengi watakujibu udongoni, hata wenye diploma. Kitabu cha Jan Baptist van Helmont kilichotoka mwaka 1648 kinaeleza jinsi alivyopanda mti kwenye ratili 200 za udongo. Baada ya miaka 5 mti uliongezeka ratili 164, udongo ukapungua wakia 2 hivi. Yeye akasema mti ni maji. Alikaribia, ila alisahau hewa.

Ushahidi unao jikoni. Gunia zima la mkaa likiisha kuungua linaacha majivu kidogo. Majivu hayo ndiyo madini ya udongoni. Mengine yote yamerudi hewani yalikotoka, na joto lililochemsha maharage ni jua la miaka iliyopita. Lugha yetu inajua: mkaa, makaa, hewa ukaa, ni shina moja. Somo gani la sayansi limewahi kumwonyesha mwanafunzi hilo?

Hapa si suala la alama za mtihani tu. Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na vijiji vyenye misitu vinafuatwa na wanunuzi. Mwanakijiji aliyefundishwa kwamba miti "inatupa oksijeni" anakaa mezani akidhani anauza upepo. Anachouza ni uzito wa mbao zake. Mbao kavu karibu nusu yake ni kaboni. Kila kilo 12 za kaboni zilichukua kilo 44 za kabonidayoksaidi. Gogo kavu la kilo 100, basi, limefunga kilo 183 hivi.

Wewe mwalimu unayesoma hapa, jaribu wiki hii: ficha fomula, weka kipande cha mkaa mezani, waulize wanafunzi kilikuwa wapi kabla hakijawa mti. Usiwasaidie haraka.