Pongezi kwa Waweka Hazina wa Makanisa ya Garissa

Waumini wengi wa makanisa ya Garissa ni walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara wadogo waliotoka bara. Leo wako hapa, kesho barua ya uhamisho imefika. Kutunza hazina ya kanisa la namna hii ni kazi ngumu, kwani anayeahidi mchango Januari huenda Juni yuko Kisii.

Na si uhamisho pekee uliowajaribu. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, washambuliaji walivamia kanisa la Africa Inland (AIC) na kanisa Katoliki mjini humu, wakaua watu wasiopungua 15. Viongozi wa Kiislamu walilaani unyama huo na kuahidi vijana wa kusaidia kulinda makanisa. Aprili 2015 likaja shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakapoteza maisha. Baada ya hayo yote ibada ziliendelea, na sadaka ikatolewa.

Kuhusu kutunza sadaka, Mtume Paulo, katika Wakorintho wa Pili sura ya 8, hakuruhusu changizo lipelekwe na mtu mmoja. Alituma ndugu kadhaa, asije mtu akanung'unika. Waweka hazina waaminifu hufanya hivyo hivyo: sadaka huhesabiwa na zaidi ya mmoja, huandikwa daftarini, huwekwa benki, kisha washirika husomewa hesabu. Kwangu mimi, hiyo nayo ni ibada.

Hongereni, ndugu zetu. Nawe msomaji unayetoa fungu la kumi, Jumapili ijayo mshike mkono mweka hazina wako umshukuru.